Pindo, Mji na Jina: Kusoma Raba ya Kichina Chini ya Kilimanjaro

"Shikamoo mzee. Hii siyo mchina, hii orijino kabisa."

Kijana wa soko la mitumba la Memorial, hapa Moshi, aliyasema hayo huku akiikunja raba katikati, ili nione jinsi soli inavyorudi mahali pake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Kibo ilikuwa bado haijajifunika, na robota lilikuwa limefunguliwa muda si mrefu. Viatu vilipangwa juu ya turubai, kila kimoja na mwenzake, kamba zimechomekwa ndani. Niliitikia marahaba, nikaipokea ile raba, nikaigeuza ubavu. Nembo ilikuwa ya Li-Ning.

Li-Ning ni kampuni ya Kichina tangu kuzaliwa kwake. Aliyeianzisha mwaka 1990 ni Mchina, makao yake makuu yako Beijing, na jina lenyewe ni la mtu: Li Ning, mcheza jimnastiki aliyerudi nyumbani kutoka Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 na medali 6, tatu kati ya hizo za dhahabu. Hata hivyo kijana hakunidanganya. Katika Kiswahili cha sokoni neno "mchina" halitaji tena taifa. Linataja ubora, au ukosefu wake. Simu ya mchina, redio ya mchina, kiatu cha mchina: kitu kinachong'aa dukani na kuachia gundi masika yakianza. Raba ile ilikuwa imara, kwa hiyo haikuwa mchina, na kwa kuwa haikuwa mchina ilistahili bei. Tulianzia elfu 45, tukaishia elfu 32.

Tangu siku hiyo iko juu ya meza yangu, haijavaliwa, naisoma. Nasema naisoma kwa maana ile ile ya kusoma shairi: natazama ilivyopangwa, nani anasema ndani yake, na anasema na nani. Habari za mauzo ya chapa za michezo za China, na jinsi zinavyovuka mipaka, zimeandikwa sana na watu wa biashara. Kiatu chenyewe hakijapewa muda. Mimi naamini kwamba safari yote ya chapa hizi, kutoka kuiga hadi kumiliki, imeandikwa kwenye umbo la viatu vyao, na kwamba sisi wa Moshi tuna sababu za pekee za kuisoma.

Chombo cha kuisomea tunacho, wala hatukukiazima. Khanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, uwanja wa katikati. Halafu kuna jina, yale maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji. Pindo huishikilia nguo na mji huipamba, lakini anayesema ni jina. Kwa ajili ya jina mwanamke ataiacha dukani khanga yenye rangi nzuri kuliko zote, maana mkwe hapelekewi maneno yoyote tu. Kwa miaka mingi khanga zilichapwa Uingereza, Uholanzi, Japani na India, mbali kabisa na wanaozivaa, na bado hakuna mama wa pwani wala wa Uchagani aliyeiona kuwa nguo ya kigeni. Wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana zaidi kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla", walielewa kwamba mashine inaweza kukaa popote lakini maneno lazima yatoke kwa wavaaji. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilipita njia hiyo hiyo: mitambo ya Kichina, maneno ya Kiswahili, na kiwanda chenyewe kikaitwa kwa Kiswahili.

Khanga huuzwa doti, raba huuzwa jozi. Nianze na pindo.

Pindo la kiatu ni soli pamoja na ukingo wake. Katika raba hii sponji ya katikati, iliyokuwa nyeupe, imegeuka rangi ya maziwa ya mgando. Mpira wa chini umechongwa mifereji midogo ya mviringo, na kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Aliyeivaa kabla yangu alikuwa akiutupa mguu kidogo anapotembea. Lakini kilichonishika ni kisigino chenyewe. Chini yake kuna kipande cha plastiki ngumu kilichopinda kama upinde, na katikati ya upinde pako wazi, unaweza kuona mwanga upande wa pili. Kampuni iliuita mtindo huu Upinde wa Li-Ning, na umbo lake wabunifu walilitoa kwenye daraja la Zhaozhou, daraja la mawe la China ya kaskazini lililojengwa miaka kama 1,400 iliyopita na ambalo bado limesimama. Daraja lile lina tao moja pana na lililo chini, uzito unagawanyika kwenda pembeni, na mawe hayabomoki. Mtu wa kwanza aliyefikiria kuliweka daraja chini ya kisigino alikuwa anafikiri kwa kumbukumbu za kwao. Hakuna kampuni ya Ulaya ambayo ingefika hapo, kwa sababu daraja hilo si la kwao.

Mji, yaani sehemu ya juu, ni kimya zaidi. Ni nyavu za tabaka mbili, kijivu juu ya bluu, na mishono imenyooka. Nimehesabu mishono katika sentimita moja karibu na kidole gumba, nikarudia upande wa pili, hesabu ikawa ile ile. Aliyeshona, au mashine iliyoshona, haikuchoka ilipofika kiatu cha pili. Kwenye ulimi kuna kitambaa kidogo chenye vipimo. Hapo pameandikwa namba 265, na kwenye mabano 1.5. Namba ya kwanza ni urefu wa mguu kwa milimita, ya pili ni daraja la upana, kama ilivyo desturi ya viatu vinavyouzwa ndani ya China. Kwa hiyo raba hii haikutengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa. Ilishonewa mguu wa mtu wa huko, ikavaliwa huko, ikachoka kidogo, ikaingia kwenye robota na kushuka bandarini kwetu. Kitambaa cha vidole viwili kimesimulia safari nzima bila kitenzi hata kimoja.

Sasa jina. Ubavuni nembo ni herufi L iliyolala, ikateleza na kuvuta mkia mrefu kwenda nyuma, mkia unaochongoka mwishoni. Ukiitazama kutoka umbali wa mita tatu, jicho lako, lililolelewa na matangazo ya Marekani, linaona alama ya Nike kwanza. L inakuja baadaye. Hiki ndicho kiini cha usomaji wangu. Chini, kisigino kinasema kwa sauti yake, kwa umbo la daraja la mababu zake. Ubavuni, mahali pa jina, sauti inakwama na kuazima lafudhi ya mwingine. Kiatu kimoja kina wasemaji wawili. Aliyebuni soli alijiamini, aliyebuni nembo aliogopa kwamba mnunuzi hatamtambua bila kufananishwa na mkubwa. Nadhani ndiyo sababu neno letu la sokoni lilikwama hapo pia. Tulisoma jina, hatukugeuza kiatu kusoma pindo.

Kampuni yenyewe iliisikia aibu ya kuazima. Mwaka 2010 ilibadilisha nembo. Ile L ya mkia ikakatwa na kunyooshwa, ikafanana na maumbo mawili kwa wakati mmoja: mtindo wa jimnastiki ambao Li Ning aliubuni na ukabeba jina lake, na herufi ya Kichina isomwayo ren, maana yake mtu, mistari miwili inayokutana juu na kuachana chini kama miguu ya anayetembea. Ni nembo bora, kwa kipimo chochote. Mkia wa kuazima umeondoka na mahali pake pamekaa mtu. Mwaka huo huo kampuni ikafungua duka Portland, Oregon, jirani na nyumbani kwa Nike, na duka lile halikudumu. Kununua umbo jipya ni kazi ya mchoraji; kumfanya Mmarekani alisome kama ulivyokusudia ni kazi ya miaka.

Ilipofika Februari 2018, kwenye maonyesho ya mitindo ya New York, wanamitindo wa Li-Ning walipita na nguo zenye maneno ya Kichina kifuani: China, Li-Ning, yameandikwa kwa herufi za kwao, makubwa, mekundu na meupe, bila tafsiri. Watazamaji wengi ukumbini hawakuweza kuyasoma. Na hapo ndipo jina lilipoanza kuuza, kwanza kwa vijana wa China wenyewe, ambao waliona kitu chao kimesimama mbele ya dunia bila kujikunyata. Kwa wasomaji wa Kiswahili hili halihitaji maelezo marefu. Khanga yenye jina la Kiswahili haijawahi kumwomba radhi Mwingereza asiyeisoma.

Kuna tukio moja la kabla ya hapo ambalo linatugusa zaidi. Usiku wa tarehe 8 Agosti 2008, katika uwanja wa Beijing, Li Ning aliinuliwa kwa waya, akakimbia hewani kuzunguka ukingo wa juu wa uwanja mzima, kisha akawasha mwenge wa Olimpiki. Adidas ndiyo iliyokuwa mdhamini rasmi wa michezo ile na ndiyo iliyolipa. Lakini picha iliyobaki ni ya mtu ambaye jina lake ni chapa. Moto ule ule, tarehe 13 Aprili mwaka huo, ulikuwa umepita Dar es Salaam, kituo pekee cha mwenge huo barani Afrika, ukitokea stesheni ya TAZARA kwenda Uwanja wa Taifa. Na John Stephen Akhwari wetu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 wa mwisho, goti limefungwa bandeji, alikuwa miongoni mwa mabalozi wa heshima wa michezo ya Beijing. Wanariadha wawili, kila mmoja na hadithi iliyopendwa na ulimwengu. Mmoja jina lake liko kwenye kila ulimi wa raba. Jina la mwingine sijaliona likishonwa kwenye kiatu.

Ndugu wengine wa ukoo huu wanatoka mahali pamoja, Jinjiang, mkoa wa Fujian, chini ya mji wa Quanzhou. Wasafiri wa Kiarabu waliuita mji huo Zaitun, na Ibn Battuta, aliyeiona Kilwa mwaka 1331, aliufikia baadaye katika safari zake. Watu wa Jinjiang walianza kwa kushona viatu vya wengine, vyenye majina ya wengine, kisha mmoja mmoja wakaanza kujitaja. Anta, iliyoanza 1991, ina jina lenye maana ya hatua tulivu, iliyotua vizuri chini. Xtep kwa Kichina ni hatua ya pekee. 361° ni duara kamili likaongezwa digrii moja, jina linalodai kufika pale wengine waliposimama na kupita. Mwaka 2016 lilivaliwa na watu wa kujitolea wa Olimpiki ya Rio. Majina mawili kati ya haya yamejengwa juu ya hatua, na nayapenda kwa hilo, kwa sababu yanataja mguu na kuacha ushindi ujisemee.

La Qiaodan ni tofauti, na ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa mtu wa fani. Qiaodan ni namna Wachina wanavyolitamka na kuliandika jina la Jordan. Kampuni ya Fujian ililisajili, ikaongeza picha ya mchezaji wa mpira wa kikapu, ikauza mabilioni. Michael Jordan alikwenda mahakamani. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliamua kwamba jina hilo likiandikwa kwa herufi za Kichina ni la Jordan, lakini sauti ile ile ikiandikwa kwa herufi za Kilatini, Qiaodan, si lazima iwe lake. Hakimu alitenganisha sauti na maandishi, akasema haki ya mtu iko katika maandishi ambayo wasomaji wa China humtambua kwayo. Mwaka 2021 kampuni ikabadilisha jina lake la Kichina. Uchunguzi wa nembo hauwezi kwenda mbali zaidi ya pale mahakama ilipofika: umbo la herufi ndilo lililoamua mali ni ya nani.

Tupande mlima sasa.

Ukikaa asubuhi kwenye geti la Machame msimu wa wageni, Julai au Januari, utaona mabasi yakishusha watu wa nchi ishirini na nguo za aina tano. Salomon kwenye miguu. Jack Wolfskin mgongoni, kwa Wajerumani hasa. Wenye pesa zaidi, Arc'teryx. Ukimuuliza mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyesimama kwenye foleni ya kupimiwa mzigo ni nani ana viatu vizuri, atakuonyesha haya majina bila kusita, na hatasema hata mara moja kwamba ni mchina. Naye ni mjuzi. Ameona soli zikibanduka huko juu Barranco na ameona zisizobanduka.

Salomon ilianza Annecy, Ufaransa, mwaka 1947. Arc'teryx ni ya Kanada. Zote mbili ni mali ya Amer Sports, kampuni ya Kifini iliyonunuliwa mwaka 2019 na kundi lililoongozwa na Anta, na mpaka leo Anta ndiyo yenye hisa nyingi kuliko mwingine yeyote. Jack Wolfskin, iliyoanzishwa Ujerumani 1981, Anta iliinunua mwaka 2025 kwa dola milioni 290. Kwa hiyo wale wale wa Jinjiang, wa hatua tulivu, wanapanda Kilimanjaro kila siku, kwa maelfu ya jozi, na hakuna pindo, mji wala jina linalowataja. Nembo ya Jack Wolfskin bado ni unyayo wa mbwamwitu. Ya Arc'teryx bado ni mifupa ya ndege wa kale aliyegeuka jiwe. Ukiigeuza soli ya Salomon hutaliona daraja la Zhaozhou.

Nimejiuliza kama hili ni kosa la kifani. Kwa mfanyabiashara si kosa; jina lenye heshima ya miaka sabini halifutwi ili kumfurahisha mhakiki wa Moshi. Lakini kwa msomaji ni ukimya mzito. Li-Ning ilipojitaja New York ilikuwa na nembo moja na sauti moja. Anta ikiwa mlimani ina nyuso nyingi, na kila uso unasema lugha ya mteja wake. Udhaifu wa mpangilio huo ulionekana tarehe 19 Septemba 2025, Arc'teryx ilipodhamini fataki kwenye milima ya Tibet, zilizopangwa zilipuke kwa umbo la joka linalopanda. Msanii aliyeziandaa, Cai Guo-Qiang, ni mzaliwa wa Quanzhou. Watu walikasirika kuona chapa inayouza heshima kwa milima ikiichoma milima. Kampuni ikaomba radhi kwa Kichina na kwa Kiingereza, na maombi hayo mawili hayakufanana. Wasomaji wa China wakaliona hilo na kulalamika. Msemaji mwenye nyuso nyingi alitakiwa aseme neno moja, akatoa mawili.

Mlima wetu unazijua habari za majina. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni na Ludwig Purtscheller, akakipa kilele jina la mfalme wa Ujerumani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa kuwa ndiye aliyewaongoza njia, na jina lake lilichukua miongo mingi kuandikwa mahali pa kuonekana. Mwaka 1961 kilele kikaitwa Uhuru. Lakini mpangilio wa safari haujabadilika sana: mgumu anatangulia na mzigo usiozidi kilo 20, anafika kambini kwanza, anasimamisha hema, na anayepewa cheti ni anayekuja nyuma. Wengi wa wagumu wanapanda na viatu vya kuazimwa au vya mtumba, na shirika la kuwasaidia wagumu, KPAP, lililoanza 2003, limekuwa likiwaazima mavazi ya baridi bila malipo kwa sababu hiyo.

Namtaja mgumu kwa makusudi, kwa sababu nimemwona kwenye picha nyingine. Tarehe 14 Aprili 2024, mbio za nusu marathoni za Beijing. Wanaume wanne wanakaribia utepe. Watatu ni wa kwetu: Robert Keter na Willy Mnangat wa Kenya, Dejene Hailu wa Ethiopia. Wa nne ni He Jie, mwanariadha mashuhuri wa China, mguuni Xtep. Katika mita za mwisho mmoja wa wale watatu anapunguza mwendo na kunyoosha mkono kama anayesema "pita". He Jie anapita, wao wanafuata kwa sekunde moja. Uchunguzi ukaonyesha kwamba Waafrika hao waliitwa na Xtep, mshirika wa mashindano, wawe wa kumwekea mwendo, lakini kwenye namba zao za kifuani hapakuwa na alama inayosema hivyo. Wote wanne wakanyang'anywa nafasi na zawadi, na Xtep ikaomba radhi.

Watu walibishana kuhusu maadili. Mimi naangalia namba ya kifuani. Ni karatasi ya ukubwa wa kitabu cha shule, imebanwa kwa pini nne. Ingeandikwa neno moja, la kumtambulisha kuwa ni mwekaji mwendo, mkono ule ulionyooshwa ungekuwa kazi halali ya mtu anayelipwa kwa kazi yake. Bila neno hilo ukawa udanganyifu. Kosa zima lilikuwa la jina. Mbebaji alikuwa uwanjani, anaonekana, ameangaliwa na mamilioni, na karatasi yake haikusema yeye ni nani.

Weka picha hiyo kando ya nyingine ya Jumapili iliyofuata, mjini London. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, umri miaka 41, ameachana na Nike baada ya miaka mingi na tangu 2023 anavaa Anta. Anamaliza wa pili kwa saa 2:04:15, muda ambao hakuna mtu wa umri wa miaka 40 na kuendelea aliyekuwa amewahi kuukimbia kabla ya hapo. Hapo mguu wa Mwafrika na jina la Kichina vimesimama wazi, kila kimoja na jina lake, na kila kimoja kimempa mwenzake kitu. Katika picha zote nilizoziangalia kwa ajili ya makala haya, hii ndiyo niliyoiamini bila kuuliza swali la pili. Pindo, mji na jina vimesema jambo moja.

Hukumu yangu kuhusu chapa hizi basi ni hii. Zilipoiga zilikuwa na soli nzuri kuliko nembo zao. Zinapojificha nyuma ya majina ya Ulaya zina bidhaa nzuri isiyo na msemaji. Zilipoandika jina lao kwa herufi zao na kumwacha mkimbiaji aonekane na lake, ndipo zilipofanya kazi inayostahili kuitwa ya sanaa. Na neno letu "mchina" limepitwa na wakati kwa miaka kama ishirini. Sisemi lifutwe, maana soko haliagizwi maneno. Nasema mhakiki, mwalimu na mtangazaji wa redio wanaweza kuanza kuita kitu kibovu kibovu, na cha China cha China.

Lililobaki linatuhusu wenyewe. Moshi inatengeneza viatu. Kule Karanga kuna kiwanda cha ngozi cha ubia kati ya Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF, na buti zake zinavaliwa na askari wetu. Moshi ina mbio zake, Kilimanjaro Marathon, tangu 2003. Kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi maelfu hujaa uwanja wa Ushirika, wanapanda kuelekea Mweka na kurudi. Na Tanzania sasa ina bingwa wa dunia wa marathoni: tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Niliangalia mbio za Moshi nikiwa nimesimama karibu na mzunguko wa YMCA, nikatazama miguu tu, saa nzima. Niliona majina ya Oregon, ya Bavaria, ya Kobe, na mara chache ya Fujian. Sikuona jina moja la Kiswahili likipita kwenye lami ya Kilimanjaro.

Jinjiang walianza pale tulipo: kushona, kwa ajili ya wengine. Naomba wakuu wa kiwanda cha Karanga watenge meza moja na mafundi wachache, wamwite mchoraji wa khanga na mkimbiaji mmoja wa hapa anayejua soli inavyoumia kwenye kilima cha Mweka, watengeneze jozi ishirini za raba za mbio. Ziwe nzito, ziwe na kasoro, si kitu. Kwenye ulimi wa kila moja wachape maneno ya Kiswahili yatakayochaguliwa na wanaozivaa, na jina la aliyezishona. Kisha Februari wazipeleke Ushirika, kwenye mstari wa kuanzia.